Walikuwapo, Lao Halipo

Apitaye Chukwani huoneshwa mabaki ya kasri la Seyyid Barghash, na aghalabu habari huishia hapo. Leo twende mbali kidogo. Tuwafuate watu walioondoka kisiwani humu zama za mtawala huyo, wakafika kwenye kilima ambacho hata leo wanaokipanda ni wachache.

Kilima hicho kiko kaskazini ya Kenya, kwenye ncha ya kusini ya Ziwa Turkana. Ramani hukiita volkano ya Teleki. Si kirefu, ni mita 646 tu kutoka usawa wa bahari, lakini njia yake ni mawe meusi yaliyoungua, jua kali, na maji ya ziwa yenye magadi.

Mnamo Januari 1887, Count Samuel Teleki wa Hungaria na Ludwig von Höhnel, afisa wa jeshi la majini la Austria, waliondoka Unguja kuelekea Pangani. Wapagazi wao wengi waliajiriwa hapa Unguja. Mzigo wa mpagazi wa siku zile ulikaribia frasila mbili, yaani kilo 32: nguo, shanga, waya, risasi. Pamoja nao alikwenda Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara maarufu wa pembe za ndovu wa Pangani.

Mwanzoni mwa Machi 1888, kutoka mlima wa Nyiru, waliliona ziwa. Teleki akalipa jina la Rudolf, mrithi wa kiti cha Austria. Kilima, kilichokuwa kikifuka moshi, kikapewa jina la Teleki mwenyewe. Na kumbe Wasamburu walikuwa na jina lao zamani: Basso Narok, ziwa jeusi.

Mwezi huohuo Seyyid Barghash alifariki hapa Unguja. Habari hizo hazikuwa na njia ya kuwafikia wapagazi kule. Waliporejea pwani Oktoba 1888, mtawala alikuwa Seyyid Khalifa, na wenzao wengi walikwisha kubaki njiani kwa njaa na maradhi.

Jina la Rudolf liliondolewa mwaka 1975. La Teleki lipo. Jee, ya wapagazi yako wapi? Pengine mmoja wao ni babu wa babu yako. Waulize wazee wako, kisha uandike.

Wahenga walisema: asiyekuwapo na lake halipo. Hawa walikuwapo, na mizigo mabegani.