Vijana wa Naivasha na ufundi wa fimbo za kuvulia

Uvuvi wa fimbo si jambo geni katika Ziwa Naivasha. Mwaka wa 1929 samaki aina ya besi waliletwa humo kutoka Marekani ili walowezi wawavue kwa burudani. Siku hizi huvuliwa pia kapi, aliyeanza kuonekana ziwani mwaka wa 2001, na vijana wengi humvua ili kupata riziki.

Kikundi kinachotaka kujifunza ufundi huu kianze na mwanzi uliokomaa. Ukaushwe kivulini kwa majuma kadhaa, kwani ukianikwa juani hupasuka. Palipopinda hupashwa moto taratibu na kunyooshwa, kisha vifundo hulainishwa kwa msasa. Mshipi usifungwe nchani tu, bali ushuke hadi mkononi, ili ncha ikivunjika samaki asitoroke nayo. Kosa hili wanagenzi hulirudia mno. Fundo la ndoana hulowanishwa kabla ya kukazwa, la sivyo mshipi huungua kwa msuguano. Boya ni la bure: kipande cha bua kavu la mafunjo. Chubwi ya risasi ni sumu. Nati kuukuu yatosha.

Mkufunzi asiyetaja viboko hajafundisha. Vijana wasio na leseni huvua wakiwa wamesimama majini, kando ya mafunjo, na baadhi yao wameuawa na wanyama hao. Fimbo ya mita 4 humwezesha mvuvi kubaki nchi kavu. Hata hivyo, leseni bado yahitajika, na pa kuanzia ni kamati ya usimamizi wa ufuo.