Sarufi ya Vichwa vya Habari: Safari ya Kutoka Kiingereza hadi Nyamahanga

Msomaji wa Nyamahanga, huko Kagera katika nchi ya Biharamulo na Ngara, akitaka gazeti lililopigwa chapa Dar es Salaam hana budi kungoja lisafiri zaidi ya kilomita 1,000. Tumfikirie msomaji huyo amelipata gazeti la siku kadhaa zilizopita, na juu yake pameandikwa: "Waziri kufungua daraja". Je, daraja limekwisha kufunguliwa, au bado? Msomaji wa mjini, aliyelinunua asubuhi ile ile, hapati taabu. Huyu wa Nyamahanga hana pa kushika, kwa sababu kitenzi alichopewa hakina wakati. Katika makala haya twataka kueleza kitenzi hicho kilitoka wapi.

Magazeti ya Kiingereza ya karne ya 18 hayakuwa na vichwa vya namna hii. Juu ya habari paliwekwa jina tu, la mji au la jambo. Katika karne ya 19, simu ya waya ilipoleta habari kwa haraka na magazeti yakashindana kuuza, hasa Marekani, vichwa viligeuka kuwa sentensi. Vita vya Marekani na Hispania vya mwaka 1898 vilivikuza mno. Nafasi ilikuwa finyu, kwa hiyo ikazaliwa sarufi ya pekee: jambo la jana husemwa kwa wakati uliopo, jambo la kesho huonyeshwa kwa kitenzi-jina, vitenzi saidizi huachwa, na maneno mafupi hubebeshwa maana nyingi. Kupunguza wafanyakazi huitwa kupiga shoka. Sarufi hiyo ilimdhania msomaji mwenye gazeti la siku ile.

Kwetu, Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilitoka mara moja kwa mwezi, wala halikuwa na haja ya kukimbizana na saa. Magazeti ya kila siku yalipostawi, likiwamo Ngurumo la mwaka 1959 na Uhuru la mwaka 1961, mambo yalibadilika. Habari za ulimwengu ziliingia chumba cha habari kwa Kiingereza, na mfasiri alipewa muda mchache wa kuzigeuza kabla mitambo haijaanza kazi. Shirika la Habari Tanzania, lililoundwa mwaka 1976, lilikusanya habari za nchini. Lakini habari za nje ziliendelea kuja kwa lugha ile ile. Pamoja na habari, ikaingia na sarufi ya vichwa vyake.

Si yote yaliyoingia yana kasoro. Tusomapo "Rais awasili Ngara", twaona mfasiri amechukua kiambishi -a-, ambacho ni chetu tangu zamani, akakipa kazi mpya. Kichwa ni kifupi, na kila mtu hufahamu kwamba Rais amefika.

Kitenzi-jina hakikufanikiwa vivyo hivyo. Kiingereza hupata faida kukitumia, maana huokoa neno zima. Sisi twaokoa nini? "Kufungua" lina herufi 8, na "atafungua" lina herufi 9. Kwa kuokoa herufi moja tumempotezea msomaji mtenda na wakati pia, vitu ambavyo kitenzi cha Kiswahili hubeba chenyewe bila kuomba msaada.

Kasoro ya tatu ni nzito zaidi, nayo ni ile ya "watu mia wahofiwa kufa". Katika Kiswahili, anayehofiwa ni yule tunayemwogopa: simba, au mtawala mkali. Mfasiri alitaka kusema kwamba huenda watu hao wamekufa. Mei 1996, meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakafa, jamaa wengi wa Kagera walikuwa wakingoja habari za ndugu zao. Mtu aliye katika hali hiyo anahitaji kujua kama nduguye amethibitika kufa au hajaonekana tu; maana matanga hayakalishwi kwa neno la kukisia. "Hawajaonekana" na "huenda wamekufa" ni maneno mepesi, nayo hayachanganyi mambo hayo mawili.

Vivyo hivyo kwa nahau. Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda wakaingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi. Kiingereza cha vichwa kina mazoea ya kuwaita watu kama hao mafuriko. Lakini mafuriko kwetu ni maafa, na mgeni anayekimbia kifo siye maafa. Kiswahili kina "kumiminika", neno linaloonyesha wingi na haraka bila kumlaumu anayekuja. Nalo ni la maji pia, ila halibomoi nyumba ya mtu.

Basi, sisi tunaoshughulika na istilahi tusidhani kazi yetu huishia kwenye majina ya vyombo na ya sayansi. Kichwa cha habari husomwa hata na asiyesoma habari yenyewe. Kwa hiyo twapendekeza wahariri wakipime kila kichwa kwa swali moja kabla ya kukipeleka mitamboni: je, kitaeleweka vile vile siku nne baadaye, Nyamahanga? Kama hakitaeleweka, na waongeze herufi ile moja.