Kutoka Mtoni hadi Tunguu

Katika kasri la Mtoni, Unguja, la mtawala Seyyid Said bin Sultan, watoto wake walisomeshwa Kurani, lakini wasichana waliishia kusoma tu, kuandika hawakufundishwa. Binti yake Salme, aliyezaliwa humo mwaka 1844, alieleza katika kumbukumbu zake, zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886, jinsi alivyojifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Wapo wanaokitaja kisa hiki kuonyesha kwamba elimu ya Kiislamu Unguja ililala usingizi mpaka ilipoamshwa na shule za kikoloni. Siafiki. Dhuluma waliyofanyiwa wasichana ni ya kweli, ila elimu yenyewe haikulala. Sultani Barghash alileta mtambo wa kuchapa, vitabu vya fikihi vikatoka hapahapa mjini. Sheikh Ahmad bin Sumayt (1861–1925), mtoto wa nahodha, alifuata elimu hadi Istanbul kabla ya kurudi kwenye kiti cha ukadhi. Na katika darsa ya Sheikh Abdallah Bakathir, Ukutani, walikaa wanafunzi waliotoka mwambao mzima. Darsa ilikuwa na kanuni yake: mwanafunzi asoma matini kwa sauti, sheikh amsimamisha, asahihisha irabu, afafanua hukumu na hitilafu za maulamaa. Ijaza, yaani idhini ya kufundisha, ilipotolewa, ilihusu kitabu kilichosomwa hasa.

Muslim Academy ya miaka ya 1950 iliingiza urithi huo madarasani, na mkuu wake, Sayyid Omar Abdalla, alikuwa amesoma kwa masheikh wa mjini na pia Makerere na Oxford. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ikafungwa. Mwanazuoni mwingine wa Unguja, Sheikh Abdallah Saleh Farsy, akahamia Kenya, akawa Kadhi Mkuu huko. Chuo cha Kiislamu kilifunguliwa baadaye, lakini majengo na mitaala hurudi upesi kuliko walimu, na ndiyo maana naamini pengo letu kubwa ni la silsila iliyokatika, ule mnyororo wa sheikh na mwanafunzi.

Kuliziba pengo hilo hakumaanishi kuyaacha masomo ya dunia. Watu wa msikitini huhofu kwamba masomo hayo yataipunguza dini. Hofu hiyo naiheshimu, ila mahakama inaijibu. Mwanamke anapofika mbele ya kadhi akidai haki yake katika nyumba waliyoijenga pamoja na mumewe, kadhi asiyejua kusoma hati ya ardhi wala taarifa ya benki hawezi kumtendea uadilifu unaotakiwa na sharia yenyewe. Chuo Kikuu cha Zanzibar, Tunguu, kilichoanzishwa mwaka 1998, kimeweka sheria na sharia katika kitivo kimoja, na huo ni uamuzi sahihi. Kinachobaki ni kumtaka kila mhitimu wake, wa kike na wa kiume, ahitimu walau kitabu kimoja cha fikihi mbele ya sheikh, mstari kwa mstari, na ijaza hiyo ihesabiwe katika shahada.