Mvua Ndani ya Mlango

Mwaka 1997 Colin McRae alishinda Safari Rally akiwa ndani ya Subaru Impreza. Mwaka 2000 Richard Burns akashinda tena na gari la jina hilo hilo. Hiyo sehemu kila mtu anaijua. Uliza kijana yeyote anayeosha magari hapa Keroka na atakupa hadithi nzima: rangi ya buluu, rimu za dhahabu, vumbi la Bonde la Ufa. Atakupa mpaka mlio wa injini kwa mdomo. Nimesoma mengi kuhusu Impreza na Kenya, na kote nimekuta injini, ajali, polisi na mashabiki. Spika sijawahi kuzikuta. Ni ajabu kidogo, kwa sababu wengi wetu hatukuwahi kuendesha gari hilo. Tulisimama nje yake tukasikiliza.

Ninayoizungumzia ni WRX ya 1996 iliyokuwa ya baba mdogo. Ni WRX kweli, ina tabo, si zile za 1500cc zilizotobolewa egzosi zikawekewa tundu la bandia kwenye boneti. (Samahani kwa wenye nazo. Mnajua ninyi wenyewe.) Baba mdogo alifariki 2021, na mwaka huu mama mdogo ameamua kuiuza, kwa sababu karo ya kidato cha tatu haingojei. Akapatikana mnunuzi wa Nairobi. Akaikagua, akaizungusha hadi Nyansiongo na kurudi, akasema injini iko sawa. Halafu akawasha redio. Milango ya mbele ikatoa sauti kama mtu anayekunjakunja mfuko wa chipsi. Jamaa akatoa elfu ishirini kwenye bei aliyokuwa ametaja, palepale, akiwa bado ameshika kile kitufe cha sauti. Ndiyo nikaitwa mimi. Niliacha chuo mwaka wa pili, na kati ya kuandika makala na kuandika makala, nimekalia benchi la fundi mmoja wa redio hapa mjini kwa miaka mitatu.

Kwa hivyo hii ni historia ya spika nne, na inaanzia bandarini.

Kabla ya miaka ya tisini, gari jipya la Mkenya mara nyingi liliunganishwa hapa nchini, Thika, Mombasa au Nairobi. Soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka hiyo, magari ya mitumba kutoka Japani yakaanza kushuka Mombasa kwa wingi, bei nafuu, usukani tayari uko upande wetu. Baadaye ikawekwa kanuni kwamba gari lisizidi miaka minane tangu lisajiliwe kule. Watu huisoma kanuni hiyo kama habari ya injini na moshi. Mimi huisoma kama habari ya spika. Spika nyingi za kiwandani za wakati ule zilikuwa na koni ya karatasi, na pembeni mwa koni pete laini ya sponji inayoiruhusu kucheza mbele na nyuma. Sponji hiyo mara nyingi huanza kumomonyoka ikiwa na miaka kumi hadi kumi na mitano. WRX ya baba mdogo ilifika 2003, ikiwa na miaka saba. Yaani nusu ya uhai wa sauti yake, au zaidi, ulikuwa umeshatumika kwenye masikio ya mtu mwingine.

Na hata uhai huo uliobaki haukuanza mara moja, maana gari lilifika likiwa kiziwi. Redio za magari ya Japani zilitengenezwa kushika FM ya kwao, megahezi 76 hadi 90. FM yetu inaanzia 87.5 na kupanda hadi 108. Capital FM ilipoingia hewani 1996 ilikaa 98.4 pale Nairobi. Kameme, kituo cha kwanza cha binafsi cha lugha ya mama, kikaja 2000 kwenye 101.1. Fungua redio ya Kijapani pale katikati ya Nairobi, zungusha mpaka mwisho, na karibu kila kitu ambacho watu walikuwa wanakizungumzia kilikuwa juu ya pale redio ilipokomea. Dawa yake ilikuwa kisanduku kidogo kama kiberiti kinachochomekwa kati ya waya wa eriali na redio. Mafundi wanakiita ekspanda. Kazi yake ni kushusha masafa yote kwa kiasi fulani, tuseme 20, ili redio idanganyike kuwa iko nyumbani. 98.4 inasomeka 78.4.

Kwenye kijisanduku cha dashibodi nilikuta karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne. Mwandiko wa baba mdogo, safu mbili. Kushoto namba za kweli, kulia namba za kwenye redio: 98.4 na 78.4, 100.3 na 80.3, 101.1 na 81.1. Chini, kwa kalamu ya rangi nyingine, vituo vya huku Gusii alivyoongeza aliporudi nyumbani 2006. Maktaba yoyote ingeipokea karatasi hiyo, sema tu hakuna anayewaambia maktaba kwamba kitu kama hicho kipo.

Gari hilo likawa redio ya mtaa. Tarehe 30 Desemba 2007 nilikuwa na miaka tisa. Limeegeshwa kando ya barabara ya Sotik, milango yote minne wazi, na wanaume labda thelathini wamesimama kulizunguka, wengine wameegemea boneti kana kwamba ni kaunta. Baba mdogo hakuruhusu hata mtoto wake aegemee boneti ile. Siku hiyo hakusema neno. Samuel Kivuitu akamtangaza Mwai Kibaki mshindi, jioni hiyo hiyo Kibaki akaapishwa, na usiku haujakomaa John Michuki, waziri wa usalama wa ndani, akapiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Ni Michuki yule yule ambaye mwaka 2004, akiwa wizara ya uchukuzi, alizifunga matatu mikanda, vidhibiti mwendo na mstari wa njano. Ninachokumbuka mimi si siasa. Nakumbuka wanaume wazima wameinamisha vichwa kuelekea mlango wa gari, kwenye kile kiwavu cha plastiki chini ya kishikio, na habari haziji tena, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuondoka. Wiki zilizofuata Chebilat, mbele kwenye barabara hiyo hiyo, Wakisii na Wakipsigis walikuwa wanapigana mpakani na nyumba zinaungua. Spika zilizosema na kunyamaza jioni ile ndizo nilizozifungua mwezi uliopita.

Sasa, zimekufaje?

Spika ni kitu rahisi mno. Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric waliuweka sawa muundo wake mwaka 1925, na ukifungua spika leo hii utakuta bado ni wao: sumaku, koili ya waya mwembamba inayoelea ndani ya mwanya wa sumaku hiyo, na koni iliyogundishwa kwenye koili. Umeme ukipita, koili inasukumwa na kuvutwa, koni inapiga hewa. Bibi zetu hawangeshangaa. Obokano ya Wagusii, yenye nyuzi nane na ngozi iliyowambwa juu ya bakuli kubwa, nayo hupiga hewa kwa utando, na besi yake inanguruma mpaka tumboni. Tofauti ni kwamba ngozi ya ng'ombe inajua mvua.

Sponji haijui. Watu husema zimekufa kwa sababu ya muziki wa juu, au uzee, au jua. Jua linachangia. Lakini adui mkubwa wa sponji ya aina ile ni unyevu: maji yaliyo hewani huivunja polepole mpaka inakuwa unga unaonata kwenye vidole. Huku kwetu kunanyesha zaidi ya milimita 1,500 kwa mwaka, na mwezi mkavu kabisa ni wa kusimuliwa. Ongeza Impreza yenyewe. Madirisha ya Impreza za kizazi kile hayana fremu, kioo kinashuka wazi kama cha gari la filamu. Ni maridadi sana. Raba zake zikichoka kidogo, maji yanashuka na kioo hadi ndani ya mlango.

Hapo bado si msiba. Mlango wa gari lolote huingiza maji, ndiyo maana una matundu chini ya kuyatoa. Kiwanda kilijua. Kati ya chuma na paneli ya ndani kilibandika karatasi ya nailoni kwa gundi nyeusi inayonata kama lami, ili maji yapite upande wa chuma na yasiguse paneli. Nilipoivua paneli ya kushoto, nailoni haikuwepo. Kulia ilikuwepo nusu, imechanwa kwa mkono. Mtu fulani, miaka fulani, alifungua milango ile kutengeneza dirisha au kupitisha waya, akaona karatasi isiyo na kazi, akaitupa. Jina lake sitalijua na silihitaji. Lakini kama mnataka tarehe ya kifo cha spika hizi, ni siku hiyo. Koni zilikuwa na alama za maji kama ramani, na chini ya moja kulikuwa na moto wa kutu.

Fundi wangu, omogaka mmoja ambaye ameshika chuma cha kulehemu tangu enzi za redio za mawe manne, alizigeuza mkononi akasema zinafufuka. "Kijana, koili ni nzima. Hiki ni kitambaa tu kimeisha." Akaweka mita: omu tatu na pointi, sawa kabisa kwa spika ya nne. Binamu yangu, mwana wa mwenye gari, alitaka tofauti. Alitaka wufa kubwa kwenye buti na spika zenye stika ya wati 1,000. Hiyo stika haimaanishi chochote. Redio ya kiwandani kwa kawaida haitoi hata wati ishirini za kweli kwa kila spika, na spika nzito isiyo na amplifaya itakohoa tu. Tulibishana jioni mbili. Mama mdogo alisikiliza, halafu akauliza swali la pekee lenye maana: "Mvua ya Aprili ikija, itadumu?"

Basi tukaenda hivi. Kwenye milango ya mbele tukaweka spika mpya za kawaida, inchi sita na nusu, omu nne, koni ya plastiki na pete ya raba. Si za gharama. Matundu ya misumari hayakulingana, kwa hivyo zinahitaji pete ya kuzishikilia. Wengi hukata ya mbao zilizoshindiliwa, na mbao hizo zikinywa maji huvimba kama mandazi. Nilivuka barabara nikanunua ubao mzito wa plastiki wa kukatia mboga. (Keroka imekaa juu ya mpaka wa Kisii na Nyamira, na kaunti hizo mbili zimegombania ushuru wa soko letu tangu ugatuzi uanze. Unaweza kununua kitu Nyamira na kukifunga Kisii bila kuchoka.) Kutoka kwenye ubao mmoja zilitoka pete mbili. Juu ya kila spika, upande wa ndani ya mlango, tukaweka nusu ya bakuli la plastiki kama mwavuli. Na nailoni mpya, nzito, ile ya kufunikia mbegu, ikabandikwa kote kote. Hiyo nailoni ilichukua muda mrefu kuliko spika zenyewe, na ndiyo kazi.

Halafu betri ya 1.5. Ukigusisha chanya ya betri kwenye chanya ya spika, koni inaruka nje. Ikirudi ndani, waya zimepishana. Spika mbili zilizopishana husukuma na kuvuta kwa wakati mmoja, na besi inapotea katikati ya gari. Nimeona watu wakinunua wufa kutibu waya mbili zilizogeuzwa. Za nyuma za WRX hii zilikuwa zimepishana. Tangu lini, Mungu anajua. Tukazigeuza, na milango ya nyuma haikuhitaji kitu kingine.

Zile za mbele za zamani omogaka alizikatia pete za kitambaa, akazigundisha, akaziacha usiku mzima chini ya kitabu cha simu. Zinaimba. Zinaimba kwa upole, besi kidogo, lakini sauti ya mtu inatoka safi, kama mtu aliye chumba cha pili. Nilipendekeza ziende na gari, ndani ya boksi, maana mnunuzi wa Nairobi ni wa wale wanaotaka kila kitu cha kiwandani. Mama mdogo alikataa. Alisema gari ni la mnunuzi, na hizo si gari.

Mnunuzi alirudi Jumamosi, mvua ikinyesha. Akakaa ndani dakika ishirini, vioo juu, vioo chini, akirudisha elfu kumi na tano kati ya ile ishirini. Elfu tano alikataa katakata, kwa sababu redio, alisema, inaonyesha namba za uongo. Nikampa nakala ya karatasi ya safu mbili. Ile yenyewe iko kwenye boksi la spika, juu ya kabati, Keroka.