Ziara ya Siku Moja Kisiwani Bali: Historia ya Njia na ya Maneno Yaliyoitengeneza

Utangulizi

Mgeni anayekodi gari na dereva kwa siku moja kisiwani Bali, nchini Indonesia, hupewa ratiba isiyotofautiana sana na aliyopewa mgeni wa jana. Asubuhi hutazama ngoma ya Barong katika kijiji cha Batubulan, kinachojulikana pia kwa wachonga mawe. Kutoka hapo hupitishwa Celuk kwa masonara wa fedha, kisha Mas kwa wachonga mbao, kisha Ubud kwa wachoraji. Alasiri gari huelekea magharibi hadi Tanah Lot, hekalu lililojengwa juu ya mwamba ambao maji yakijaa huwa kisiwa na yakipwa hufikiwa kwa miguu. Hapo mgeni hulitazama jua likizama baharini. Ziara hii huitwa ya faragha kwa kuwa gari halichangiwi na abiria wengine. Njia yenyewe, hata hivyo, imekwishapitwa na watu wasiohesabika, na vituo vyake vingi vina historia ya kuingizwa katika ratiba.

Makala hii inafuatilia historia hiyo. Hoja yetu ni kwamba ukale wa mahekalu na ustadi wa mafundi havitoshi kueleza kwa nini njia ilipita hapa na si pale. Palihitajika pia maamuzi ya kiutawala, na mengi kati ya hayo yalianza kama maamuzi kuhusu maneno: kipi kiitwe dini, kipi kiitwe desturi, kipi kiitwe sanaa, na kwa hiyo kipi kiweze kuoneshwa kwa malipo. Wataalamu wa uchumi na wa mipango ya ardhi wameandika mengi kuhusu utalii wa Bali. Upande wa istilahi umeshughulikiwa zaidi na Michel Picard, mwanasosholojia wa Kifaransa, na tunadaiwa naye mengi katika kurasa hizi.

Kuhani, mfua chuma na mchongaji

Masimulizi ya Bali yanamtaja Danghyang Nirartha, kuhani wa Kibrahmani aliyetoka Java katika karne ya 16, kuwa ndiye aliyezunguka pwani ya kisiwa akielekeza mahekalu yajengwe. Tanah Lot na Uluwatu yamo katika orodha ya mahekalu yanayohusishwa naye, na inasimuliwa kwamba aliishi Mas, ambako koo za Kibrahmani humtaja kuwa babu yao. Kwa hiyo hekalu la mwambani na kijiji cha wachongaji, ambavyo dereva wa leo huviunganisha kwa barabara ya lami, vilikwisha kuunganishwa na masimulizi ya safari ya mtu mmojawapo wa kale. Tofauti ni kwamba safari ya Nirartha ilikuwa na mwelekeo wa kiibada, na kila kituo kilimdai mpitaji jambo fulani: sadaka, maji matakatifu, utiifu.

Ufundi nao ulikuwa na mahali pake katika mpango huo. Kazi ya madini ilikuwa ya ukoo wa Pande, watu wenye makuhani wao wenyewe na maji matakatifu yao, kwa kuwa anayeshika moto na chuma hadhaniwi kuwa mtu wa kawaida. Jamii nyingi za Afrika Mashariki zenye koo za wahunzi hazitaona ajabu hapo. Mjenzi wa kimila aliitwa undagi, na mchoraji au mchongaji aliitwa sangging. Walitumikia hekalu na jumba la mfalme, yaani pura na puri, maneno mawili yanayokaribiana sana kwa sauti.

Miguel Covarrubias, mchoraji wa Meksiko aliyechapisha kitabu kuhusu Bali mwaka 1937, aliandika kwamba Wabali hawana neno la sanaa wala la msanii. Kauli hiyo imerudiwa mara nyingi mno, na mara nyingi kwa namna ya kuwasifu Wabali huku ikiwaondolea uwezo wa kutofautisha mambo. Tuipokee kwa tahadhari. Neno letu sanaa limetokana na Kiarabu, na asili yake ni kazi ya mikono; halikutenga mchongaji wa milango ya Unguja na mchoraji wa picha za ukutani. Hakuna aliyehitimisha kwa sababu hiyo kwamba Waswahili hawakujua kazi nzuri na mbaya. Kilichokosekana Bali kilikuwa neno la kukitaja kitu kilichotengenezwa ili kitazamwe tu, na mtu ambaye hakumjua mtengenezaji wala hakushiriki ibada. Mtazamaji wa namna hiyo alikuwa bado hajafika.

Meli ya nguruwe

Alifika kwa meli, na alitanguliwa na bunduki. Tarehe 20 Septemba 1906 jeshi la Uholanzi liliingia Denpasar, na watu wa jumba la Badung, wanaume kwa wanawake na watoto, wakatoka wamevaa mavazi meupe na kuuendea mstari wa risasi. Tendo hilo huitwa puputan. Lilirudiwa Klungkung tarehe 28 Aprili 1908. Mwaka huohuo wa 1908 ndipo ofisi ya utalii ya makoloni ya Uholanzi ilipoanzishwa Batavia, na miaka michache baadaye Bali iliingizwa katika matangazo yake. Adrian Vickers, aliyeandika historia ya sura ya Bali machoni mwa wageni, anaonesha jinsi kisiwa kilichojulikana kwa ukali na biashara ya watumwa kilivyogeuzwa haraka kuwa kisiwa cha wacheza ngoma. Aibu ya mauaji ilihitaji kufunikwa, na utamaduni ulikuwa kifuniko kizuri.

Meli za shirika la KPM zilizotia nanga upande wa kaskazini, Singaraja, zilikuwa zikibeba nguruwe kwenda masoko ya Singapore, na mabaharia waliziita kwa mzaha meli za nguruwe. Katika miaka ya 1920 zilianza kubeba watalii kwa utaratibu maalumu. Mtalii alishuka, akazungushwa kwa motokaa siku chache, kisha akapanda meli tena. Mwaka 1928 shirika hilo lilifungua Bali Hotel mjini Denpasar, karibu na palepale watu wa Badung walipouawa. Ngoma zilipunguzwa urefu ili ziingie katika muda wa mgeni. Tunaweza kusema bila kutia chumvi kwamba saa ya meli ndiyo iliyokuwa mtunzi wa kwanza wa ratiba.

Wakati huo utawala wa kikoloni ulishika sera iliyojulikana kama Baliseering, yaani kuwafanya Wabali wawe Wabali. Vijana walihimizwa kujifunza ngoma, uchongaji na lugha ya heshima, na kuepushwa na siasa za utaifa zilizokuwa zikivuma Java. Ilikuwa sera ya kuhifadhi, lakini aliyeamua kipi ni cha asili alikuwa mgeni.

Katika mazingira hayo Walter Spies, msanii wa Kijerumani, alihamia Ubud mwaka 1927, na mchoraji wa Kiholanzi Rudolf Bonnet alimfuata mwaka 1929. Mwaka 1936 wao wawili, pamoja na Cokorda Gede Agung Sukawati wa jumba la Ubud na fundi mashuhuri Gusti Nyoman Lempad, walianzisha chama cha Pita Maha. Kazi yake mojawapo ilikuwa kukagua ubora wa michoro na vinyago kabla havijauzwa, kwa kuwa vitu vya bei rahisi vilikuwa vimeanza kujaa. Mshauri wa sera anayelalamika leo kwamba vijiji vya mafundi vimegeuzwa maduka anarudia malalamiko ya 1936. Hapajawahi kuwapo kijiji safi cha wachongaji kilichomngojea mtalii bila kubadilika. Sehemu kubwa ya kinachouzwa Ubud na Mas kama mtindo wa jadi ilizaliwa katika miaka ya mazungumzo hayo ya soko.

Kecak, ngoma ya duara la wanaume wanaoitikia kwa midomo bila ala, ni mfano ulio wazi zaidi. Kiitikio hicho kilitoka katika ibada ya sanghyang, ambamo wasichana hupandwa na roho ili kuondoa maradhi kijijini. Katika miaka ya 1930, Spies na wachezaji wa Bedulu, akiwamo I Wayan Limbak, walikitenga na ibada na kukiunganisha na kisa cha Ramayana. Leo hii kecak huchezwa Uluwatu machweo kwa machweo, na watazamaji wengi huamini kwamba wanaona jambo la kale kabisa.

Mwaka 1971: maneno ya kuazima

Baada ya uhuru, na baada ya mauaji ya 1965 na 1966 yaliyoangamiza makumi ya maelfu ya Wabali, serikali mpya ya Jakarta iliutazama utalii kama njia ya kupata fedha za kigeni. Uwanja wa ndege wa kimataifa ulifunguliwa mwaka 1969. Mwaka 1971 kampuni ya ushauri ya Kifaransa, SCETO, ilikamilisha mpango mkuu chini ya usimamizi wa Benki ya Dunia. Wageni wangelazwa Nusa Dua, rasi kame ya kusini, mbali na vijiji, kisha wangepelekwa kwa mchana mmoja katika vivutio kupitia njia zilizochorwa, zenye vituo. Ziara ya siku moja iliyoelezwa mwanzoni mwa makala hii inatambulika kwa urahisi katika ramani hizo. Lengo lilikuwa kuwakinga Wabali na wageni. Matokeo yake yalikuwa kwamba hoteli ziliipata jioni ya mgeni na usiku wake, na vijiji vikaachiwa nusu saa ya kuuza.

Wabali, ambao hawakuwa wameshirikishwa kwa dhati, walijibu kwa semina. Ile ya Machi 1971 ilikusudia kutenganisha ngoma takatifu na ngoma zinazoweza kuoneshwa watalii, na ilihitaji kwanza kuipa tofauti hiyo jina. Lugha ya Kibali haikuwa na jozi ya maneno ya aina hiyo. Washiriki wakaazima sacral na provan kutoka lugha za Ulaya, na hata wakaziweka hivyo katika jina la semina. Hatimaye walipanga ngoma katika makundi matatu: wali, zinazochezwa ndani kabisa ya hekalu, bebali, zinazoandamana na ibada, na balih-balihan, za kutazamwa. Picard anaeleza kwamba mpaka huo haukuwapo katika fikra za wachezaji. Ulitakiwa na utalii, kwa sababu mlinzi wa mlango hawezi kufanya kazi pasipo mlango.

Yaliyofuata yanaonesha jinsi mpaka wa maneno usivyozuia mwendo wa mambo. Ngoma ya pendet, iliyokuwa ya kukaribisha miungu hekaluni, ilikuwa imeanza kutumiwa kuwakaribisha watalii. Viongozi wa dini walipinga. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 ikatungwa ngoma nyingine mahususi kwa wageni, panyembrama, isiyo na uzito wa ibada. Haikupita muda, wasichana waliofundishwa panyembrama wakaanza kuicheza hekaluni mbele ya miungu. Kilichotungwa kwa ajili ya jukwaa kikawa sadaka. Kwa mcheza ngoma, kumpa mungu kilicho kizuri na kipya ni adabu.

Mwamba wa Tanah Lot

Jozi nyingine ya maneno ilikuwa na matokeo mazito zaidi. Jamhuri ya Indonesia ilitambua agama, dini zenye hadhi ya kisheria, na kuziacha nje adat, yaani mila. Adat ni neno lilelile la Kiarabu lililotupa ada. Wabali walilazimika kuthibitisha kwamba walichokuwa nacho kilikuwa agama, na wakakubaliwa na Wizara ya Dini mwaka 1958. Mwaka uliofuata liliundwa baraza la Parisada. Tangu hapo mambo ya hekalu yalikuwa na msemaji wa kidini, na mambo ya kijiji yakabaki kwa desa adat, kijiji cha kimila.

Mgawanyo huo ulijaribiwa Tanah Lot. Katika miaka ya 1980 mawimbi yalikuwa yakiumega mwamba, na ukakarabatiwa kwa mkopo wa Japani. Sehemu kubwa ya mwamba anaopiga picha mgeni ni ya kutengenezwa kwa mikono. Mwaka 1993 ikatangazwa hoteli kubwa yenye uwanja wa gofu karibu na hekalu. Wanafunzi, wanazuoni na wakulima walipinga, jambo lililohitaji ujasiri chini ya utawala wa Suharto. Januari 1994 Parisada ilitoa bhisama, agizo la kidini lililoweka umbali wa usafi wa mahekalu: kilomita 5 kwa yale makuu kabisa, kilomita 2 kwa yale ya kundi la Tanah Lot. Hoteli ilikuwa ndani ya mpaka huo. Ilijengwa hata hivyo, baada ya mazungumzo ya masharti. Agizo lilikuwa la agama, na kibali cha ujenzi kilikuwa cha serikali. Hapakuwa na chombo kilichozisikia lugha zote mbili.

Leo mgeni haruhusiwi kuingia hekaluni Tanah Lot. Hulipa kiingilio cha eneo, na mapato hugawanywa kati ya serikali ya wilaya ya Tabanan na desa adat ya Beraban. Huo ni mpango ulio afadhali kuliko ule wa vijiji vya mafundi, ambako kamisheni ya dereva hukatwa katika bei ya pete au kinyago, na fundi aliye nyuma ya duka hana kiti katika mapatano. Kwa wanaoandaa sera za utalii wa kitamaduni katika kanda yetu, tofauti kati ya Beraban na Celuk inafaa kuchunguzwa kuliko hotuba nyingi kuhusu kuhifadhi urithi: Beraban ina jina la kisheria la kugawiwa, na fundi hana.

Tangu tarehe 14 Februari 2024 kila mgeni kutoka nje ya nchi hulipa rupia 150,000 anapoingia Bali, kwa ajili, inasema kanuni, ya kulinda utamaduni na mazingira. Kiindonesia kinayaita malipo hayo pungutan, kutoka kitenzi cha kuokota na kukusanya. Mtafsiri wa Kiswahili ataandika ada ya watalii, na hatakuwa amekosea. Lakini kamusi zetu zinalipa ada maana mbili, malipo na desturi, na katika nyaraka nyingi za utalii tunazozisoma ni maana ya kwanza tu iliyobaki.