Tarakimu

Neno tarakimu, lenye asili ya Kiarabu, maana yake ni alama ya hesabu iandikwayo, wala si idadi yenyewe. Na tofauti hii, ambayo wengi siku hizi wameipuuza kwa kusema "namba" juu ya kila jambo, humdhihirikia ghafla mtu anayehariri maandishi kwa programu ya Vim ndani ya terminali, hasa akiwa ameingia katika kompyuta ya mbali kwa njia ya PuTTY. Abonyezapo 7 katika vile vitufe vya tarakimu vilivyo upande wa kuume wa kibodi, badala ya saba huweza kufunguka mstari mpya juu ya ule aliokuwa akiuandika, nao una herufi w.

Tarakimu iliyochorwa juu ya kitufe ni sura tu. Katika hali maalumu iliyorithiwa kutoka terminali ya VT100 ya mwaka 1978, kitufe hicho hupeleka alama tatu mfululizo: Escape, O, kisha herufi moja kati ya p na y, na Vim, isipozitambua kuwa ni kitu kimoja, huifanya ya kwanza kuwa idhini ya kutoka katika uandishi, ya pili amri ya kufungua mstari juu, na ya tatu maandishi halali. (Huo si uasi wa mashine, ni utiifu uliopita kiasi.) Dawa yake ni nyepesi: katika mipangilio ya PuTTY, chini ya Terminal, sehemu ya Features, tia alama kwenye chaguo la kuizima hali hiyo.