Tarehe ya Nyumba ya Cavendish na Mrithi Wake Kapera

Katika jimbo la Derbyshire, Uingereza, kando ya mto Derwent, limesimama jumba kubwa la mawe liitwalo Chatsworth. Na mwenye kuichungua tarehe ya jumba hilo ataona kwamba wenyewe, yaani ukoo wa Cavendish, hawakuupata utukufu wao kwa upanga, bali waliupata kwa utumishi wa serikali kidogo na kwa nikaha zaidi. Shina la ukoo ni mwanamke, Elizabeth wa Hardwick, aliyeolewa mara nne katika karne ya 16 na kufiwa mara nne. Mume wake wa pili, Sir William Cavendish, alimwoa mwaka 1547, na mwaka 1549 wakainunua ardhi ya Chatsworth. Mtoto wao mmoja alipewa cheo cha Earl wa Devonshire mwaka 1618, na Earl wa nne, aliyekuwa miongoni mwa wakuu waliomwita William wa Orange aje kushika ufalme mwaka 1688, akapandishwa mwaka 1694 kuwa Duke, cheo ambacho juu yake hakuna kingine ila cha watu wa nyumba ya mfalme. Kisha mwaka 1748 mrithi wa nyumba hiyo akamwoa Charlotte Boyle, binti aliyerithi mali yote ya Earl wa Burlington, na kwa harusi hiyo moja zikaingia katika milki ya Cavendish nyumba ya Chiswick, nyumba ya Burlington mjini London, mashamba ya Bolton Abbey na Londesborough katika Yorkshire, na ngome ya Lismore ng'ambo ya bahari, katika Ireland.

Msomaji aliyezoea faraidhi, ambayo kwayo mali ya maiti hugawanywa kwa mafungu yanayojulikana, kila mwana na kila binti akachukua haki yake, hataielewa nyumba hii mpaka aelezwe kanuni ya wakuu wa Uingereza. Kwao cheo na ardhi vilimwendea mwana wa kiume wa kwanza, vikiwa vizima, bila ya kumegwa. Mabinti walipewa fedha za kuolewa, na wadogo wa kiume wakatafutiwa nafasi katika jeshi, kanisa au bunge. Tena mrithi mwenyewe aghalabu hakuwa na idhini ya kuuza, kwa kuwa hati zilizoandikwa zamani za harusi ya baba yake zilikuwa zimekwisha kuifunga ardhi kwa ajili ya mtoto ambaye bado hajazaliwa, mfano wa wakfu wa jamaa, ambao mwenye kuushika hula matunda yake walakini hawezi kuukata mti. Kwa ajili hiyo ndoa ya mrithi haikuwa shauri lake peke yake. Mawakili wa pande mbili walikaa miezi wakiandika fedha za matumizi ya bibi, posho yake akifiwa, na mafungu ya watoto wadogo. Na yote hayo yalitegemea jambo moja lisiloandikika katika hati, nalo ni kuzaliwa mtoto wa kiume.

Jambo hilo lilikawia mno katika nyumba ya Duke wa tano. Alimwoa Georgiana Spencer mwezi wa Juni 1774, bibi huyo akiwa ndiyo kwanza aingie miaka 17, na London nzima ikamwangalia yeye kwa uzuri, kwa mavazi, kwa siasa na kwa kucheza kamari kulikomzamisha katika madeni yasiyokwisha. Mabinti wawili walizaliwa, Georgiana mwaka 1783 na Harriet mwaka 1785, mwana hakutokea. Wakati huo huo Lady Elizabeth Foster, aliyepokewa nyumbani kuwa rafiki wa bibi, akageuka kuwa hawara wa bwana, akamzalia Duke watoto wawili, na watu hao watatu wakaendelea kukaa chini ya paa moja. Mrithi alizaliwa Paris tarehe 21 Mei 1790, baada ya ndoa kutimiza karibu miaka 16, katika mji uliokuwa umekwisha kuingia katika mapinduzi. Minong'ono ikazaliwa pamoja naye: wengine walisema kuwa mama yake wa haki ni Lady Elizabeth. Ushahidi haukupata kuonekana. Lakini minong'ono yenyewe yaonyesha mwana wa kiume alikuwa na uzito gani katika nyumba ile, hata watu wakaona kuwa mtu angeweza kumwiba au kumbuni.

Mtoto aliitwa William, akapewa cheo cha Marquess wa Hartington, ambacho ni haki ya kila mrithi wa Devonshire, na nyumbani wakamwita Hart. Kabla hajatimiza miaka miwili mama yake alifukuzwa nchini na mumewe kwa sababu ya mimba aliyoichukua kwa Charles Grey, yule ambaye baadaye alikuwa waziri mkuu. Na aliporudi mwaka 1793 mwanawe hakumtambua. Mama huyo alifariki Machi 1806, kijana hajafika miaka 16. Mwaka 1809 baba alimwoa Lady Elizabeth, na Harriet, dada yake Hart, aliyemchukia sana bibi huyo, akaolewa Desemba mwaka huo huo na kuondoka. Kijana alisoma Harrow na Cambridge, na tangu ujana masikio yake yakawa mazito, ila ambayo ilimfuata maisha yake yote na kumfanya aone haya barazani.

Mwaka 1811 mambo matatu yalifuatana. Februari, mfalme George wa Tatu alipokuwa amezidiwa na maradhi ya akili, mwanawe alishika ukaimu wa ufalme, na zama zile, zilizodumu hadi 1820, zikachukua jina la ukaimu huo. Mei, Hart alitimiza miaka 21. Julai, baba yake alifariki, na kijana akawa Duke wa sita, mwenye Chatsworth na Hardwick, mwenye Devonshire House mtaa wa Piccadilly, mwenye Chiswick, Bolton, Londesborough na Lismore, pamoja na pato lililosemwa kuwa yapata pauni 70,000 kwa mwaka. Ili msomaji apate kipimo, katika riwaya ya Jane Austen, Pride and Prejudice, iliyotoka mwaka 1813, bwana Darcy, ambaye utajiri wake unawasisimua mama wote wenye mabinti, ana pauni 10,000. Na Chatsworth yatajwa humo kwa jina, miongoni mwa mahali ambapo wasafiri hupenda kupatazama.

Wakuu wa London hawakuwa na mshenga, lakini walikuwa na Almack's. Katika kumbi hizo za mtaa wa King Street, siku za Jumatano za msimu, mabibi wachache wenye amri walitoa vyeti vya kuingilia kwa waliowataka na kuwanyima wengine, hata wenye mali nyingi. Na binti aliyeingia, akacheza mara mbili na bwana mmoja, kesho yake alikuwa habari ya mji. Katika uwanja huo Duke wa sita alikuwa mkungu ulioiva, kila mkono unaunyooshea upondo. Yasimuliwa katika jamaa yake kwamba mapenzi yake ya kwanza yalikuwa kwa Caroline Ponsonby, binti wa mama yake mdogo, ambaye tangu utotoni alimhesabu kuwa wake, na kwamba alipoolewa na William Lamb mwaka 1805 kijana huyo wa miaka 15 alilia kilio cha kuitiwa tabibu. Baadaye watu wakamtaja pamoja na Princess Charlotte, binti pekee wa kaimu mfalme, aliyekuwa mrithi wa taji; lakini binti huyo aliolewa na Leopold wa Saxe-Coburg mwaka 1816, akafariki mwaka uliofuata katika uzazi. Majina mengine yalipita, mama wengi wakaalikwa Chatsworth na mabinti zao, wakala, wakacheza, wakarudi makwao. Duke aliwahi kuwa na mwanamke aliyemweka kwa miaka kadha, wala hakumwoa.

Mimi naona kuwa mtu aliyelelewa baina ya mama aliyefukuzwa, baba asiyesema, na mgeni aliyekuja kuwa mama wa kambo, hakuhitaji tena kuambiwa hasara za ndoa. Alikuwa amezisoma zote kabla ya kubaleghe. Dunia ilimwona ana kila sharti la bwana harusi. Yeye labda alijiona ana sharti moja tu la ziada, nalo ni kutotaka kuirudia nyumba ya baba yake.

Mapenzi yake aliyaelekeza kwa vitu na kwa marafiki. Alinunua vitabu adimu kwa maelfu, alisafiri Rumi akanunua sanamu za Canova, na alifanya urafiki na Nicholas, mwana wa mfalme wa Urusi, hata Nicholas alipotawazwa mjini Moscow mwaka 1826, Duke ndiye aliyepelekwa kuwa balozi wa Uingereza katika sherehe hiyo, akatumia humo mali nyingi ya mfuko wake. Kabla ya kuondoka alimchukua kijana Joseph Paxton, aliyemwona akifanya kazi katika bustani za Chiswick, akamfanya mkuu wa watunza bustani wa Chatsworth. Paxton mwenyewe alisimulia kwamba alifika kule tarehe 9 Mei 1826, saa kumi na nusu alfajiri, malango yakiwa yamefungwa. Akaruka ukuta, akaizunguka bustani, akawapa wafanyakazi kazi yao, akatazama maji ya chemchemi, kisha akaenda kustaftahi kwa mwangalizi wa nyumba, ambako mpwa wa mama huyo, Sarah Bown, alimpenda naye akampenda, hayo yote kabla ya saa tatu. Mwaka uliofuata walioana. Basi katika milki hiyo hiyo bwana alitafutiwa mke kwa muda wa miaka 15 asimpate, na mtumishi wake akampata asubuhi moja.

Wawili hao, mmoja mwenye mali na mmoja mwenye akili ya mikono, waliibadili Chatsworth. Paxton alijenga nyumba ya vioo iliyokwisha mwaka 1840 au karibu yake, kubwa hata gari la farasi likapita ndani. Alitengeneza chemchemi ya kurusha maji juu kushinda minara, kwa kutazamia ziara ya Nicholas mwaka 1844, ingawa mfalme huyo aliishia Chiswick asifike Derbyshire. Na mwaka 1851, kwa ujuzi alioupata katika vioo vya Duke, akaijenga Crystal Palace ya London. Kabla ya hayo yote, katika nyumba nyingine ya vioo pale Chatsworth, alikuwa amepanda mgomba mfupi, ambao asili yake ya karibu ilikuwa kisiwa cha Morisi katika Bahari yetu ya Hindi. Ukachanua mwaka 1835, ukazaa, na wataalamu wakaupa jina la bwana wa nyumba, Musa cavendishii. Vichipukizi vyake vilichukuliwa na wamisionari hadi Samoa, na leo ndizi zinazouzwa katika nchi za nje ulimwenguni ni za jamaa ya Cavendish kwa sehemu kubwa.

Fahari hiyo ilikuwa na gharama yake. Madeni aliyoyarithi yaliongezeka juu ya madeni aliyoyafanya, na mwaka 1845 Duke aliiuza Londesborough, kipande cha mali iliyoletwa na harusi ya 1748. Lakini shauri zito zaidi, la nani atakayemrithi, lilikuwa limekwisha kupata jibu, nalo lilitoka pale pale ulipotoka utajiri wa ukoo. Kwa kuwa Duke hakuwa na mwana, mrithi wa cheo alikuwa William Cavendish, mjukuu wa ami yake. Na mwaka 1829 kijana huyo alimwoa Blanche Howard, binti wa Georgiana, dada mkubwa wa Duke. Duke alimpenda mpwa wake huyo kama binti wa kumzaa. Kwa nikaha hiyo watoto watakaozaliwa wangekuwa na jina la Cavendish kwa upande wa baba, na damu ya Georgiana Spencer kwa upande wa mama; yaani kapera alipata dhuria pasipo kuoa. Blanche alifariki mwaka 1840, akiwa na miaka 28, na mumewe hakuoa tena. Lakini alikuwa amekwisha kuzaa wana.

Mgomba hauna haja ya mbegu. Shina lililokwisha kuzaa hukatwa, na chipukizi la ubavuni hushika mahali pake. Duke wa sita alifariki Hardwick tarehe 18 Januari 1858, akazikwa Edensor, kijiji alichokihamisha na kukijenga upya nje ya bustani yake. Na Paxton naye akazikwa kijijini humo miaka saba baadaye. Mume wa Blanche akawa Duke wa saba, akakaa akilipa madeni. Mwanawe, Spencer Compton, aliyekataa mara tatu kuwa waziri mkuu, akawa wa nane. Naye alikawia kuoa mpaka mwaka 1892, umri wa miaka 59, asipate mtoto. Alipofariki mwaka 1908, cheo kilikwenda tena ubavuni, kwa mtoto wa ndugu yake, na ardhi yote ikamfuata.